Siafu Ndani ya Arobaini

Mama mkwe wangu alikuwa na tabia nyingi za kuniudhi, lakini moja ilinitia hofu. Mtoto akilia, alimvua nguo. Hakuuliza kama ana njaa, hakuuliza kama amejikojolea. Alikuja mbio kutoka uani, mikono bado ina unga, akamchukua mwanangu mapajani pangu, akafungua kanga niliyomviringishia, akafungua nepi, akavua na kile kifulana alichokifuma dada yangu, mpaka mtoto akabaki kama alivyozaliwa. Kisha akampapasa. Alianza na makwapa, akaja kwenye mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, mgongoni, akamalizia na katikati ya vidole vya miguu. Alipotosheka alinirudishia uchi vilevile. "Haya," alisema, "mnyonyeshe mume wangu." Kisha akarudi kwenye unga wake.

Alimwita "mume wangu" kama bibi yeyote wa pwani anavyomtania mjukuu wa kiume. Mimi sikucheka. Nilikuwa mgeni kutoka Tunduru, nimejifungua mara ya kwanza, nimefungiwa chumbani mpaka arobaini itimie, na mwanamke niliyefungiwa naye alikuwa akimkagua mwanangu kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Nilijiuliza anatafuta nini kwenye mwili wa kitoto kichanga. Majirani walikuwa na jibu lao, na hawakuwa wachoyo nalo.

Tulikaa Yombo, upande wa bondeni, ambako siku hizo hapakuwa mji wala hapakuwa shamba. Nyumba za udongo na makuti zilisimama mbalimbali katikati ya mikorosho na minazi, na nyuma yake ardhi ilipanda polepole kuelekea misitu ya Pugu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ya mikutano na ya foleni. Marehemu mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, kazi ya zamu, na alipokuwa nyumbani alikuwa amelala. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili, mimi na mama yake, pamoja na huyo mtoto.

Kila siku kabla ya magharibi alichota majivu jikoni kwa kifuu akazunguka nyumba nzima ameinama, akimimina mstari mwembamba usiokatika. Mvua ikiufuta, alianza upya. Miguu ya kitanda changu ilisimama ndani ya makopo yenye maji, na juu ya maji alidondosha mafuta ya taa, siku tulizokuwa nayo. Asubuhi alinusa kuta. Nasema alinusa, sisemi alitazama. Aliweka pua kwenye udongo, pembe hadi pembe, na mimi nipo kitandani namwangalia huku nimemkumbatia mwanangu.

Sasa fikiria mwenyewe. Mwanamke anazungusha nyumba majivu kila jioni, ananusa kuta kila asubuhi, na anawavua nguo watoto wanaolia, hata watoto wa wenzake wakija kutembea. Watu wa Yombo wangesema nini? Walisema mchawi. Usoni walimwamkia shikamoo kwa adabu zote, mgongoni wakatema mate. Jirani mmoja alipokuja kunipa hongera aliinama kama anayembusu mtoto, akaninong'oneza, "Mwenzangu, huyu usimwachie sana yule mama."

Nilimuuliza mama mkwe kuhusu majivu. Alinijibu kwa mkato, "Ya siafu." Basi. Lakini tangu nilipoolewa sikuwa nimeona siafu hata mmoja ndani ya nyumba ile, na haikunijia akilini kwamba huenda sijawaona kwa sababu ya majivu hayohayo. Siombi radhi kwa hilo. Msichana wa umri wangu, aliye mbali na mama yake, angeogopa tu.

Siafu niliwajua. Kwetu Tunduru walipita porini, na kule Yombo walipita majumbani wakati wa masika. Wenyeji walikuwa na utaratibu wao. Siafu wakionekana wanakuja, unafungua kuku, unakata kamba ya mbuzi, unabeba watoto, unakaa nje na kuwaachia nyumba. Wanaingia, wanakula mende, panya, kunguni na chochote chenye uhai, halafu wanaondoka, nawe unarudi kwenye nyumba safi. Watu walizungumza juu yao kama wageni wenye tabia mbaya ambao hata hivyo wana faida. Hakuna aliyepigana nao. Mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kutoka ni mmoja tu, naye ni mzazi, mwanamke ambaye arobaini yake haijatimia. Mzazi hatoki. Hilo lilikuwa halina mjadala, kwao na hata kwetu.

Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Yalikaa kichwani mwangu kila moja kwenye pembe yake.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa kuliko eneo lake. Masika yaliyotangulia alitukalisha chini mkutanoni akatutolea siafu kama mfano: tazameni, ndugu zangu, siafu hawana tajiri wala maskini, wanabeba pamoja, wanakula pamoja, huko ndiko kujitegemea. Tulipiga makofi. Halafu siafu wakaingia bandani kwake wakamla kuku aliyekuwa anaatamia, yeye na mayai yake. Tangu siku hiyo siafu wakawa wanyonyaji.

Mwanangu alipokuwa bado hajatoka kitovu vizuri, balozi alitangaza kazi ya kujitolea. Kichuguu cha siafu kilikuwa kimeonekana nyuma ya nyumba yetu, kwenye shina la mkorosho mkavu, na Jumapili watu wote watoke wakawachome. Mafuta ya taa yalitolewa na duka la ushirika kwa neno lake. Nakumbuka hilo kwa sababu wiki hiyohiyo sisi tulikuwa tunakula chakula cha jioni kabla jua halijazama, kibatari hakina kitu.

Walikuja na majembe, na makuti makavu yaliyofungwa mafungu, na dumu la mafuta. Niliwaona kupitia dirishani. Mama mkwe alitoka kuwapokea, hakuvaa hata viatu.

"Shikamoo mama," balozi alisema.

"Marahaba. Nyie mnataka kufanya nini hapo?"

"Tunamaliza adui, mama. Leo hii tunawamaliza."

"Ndugu balozi, msiwachome. Siafu hawakai. Waacheni wiki moja, mbili, watahama wenyewe. Mie nina mzazi ndani."

"Ndiyo maana, mama. Tunamlinda huyo mzazi wako."

"Mkiwachoma hawafi wote," alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Wa chini hawafi. Mtawakasirisha, halafu nyie mtaenda kwenu. Hao waliobaki wataenda wapi? Nyumba iliyo karibu ni ipi?"

Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Mama anawatetea watu wake." Wakacheka. Balozi hakucheka, lakini hakumkemea aliyesema. Mama mkwe alisimama pale akiwatazama mmoja mmoja, watu aliowajua tangu wanatambaa, kisha akarudi ndani. Mimi niliona aibu. Aibu ya kuwa mkwe wake, na zaidi ya hapo nilitaka wawachome. Nilitaka siafu waishe, majivu yaishe, kunusa kuishe, tuwe watu kama wenzetu.

Wakamwaga mafuta, wakawasha. Moshi ulikuja mpaka chumbani. Mama mkwe alifunga dirisha, akachukua kifuu chake cha majivu, akaanza kuzunguka nyumba mchana kweupe, watu wakimtazama, wala hakujali tena.

Siku chache zikapita kimya. Balozi kila alipopita alikohoa kidogo nje ya nyumba yetu, kikohozi cha mtu aliyeshinda. Mama mkwe hakulala. Nilimsikia akitembea koridoni, na alfajiri nilimkuta amekaa chini mlangoni pa chumba changu, mgongo ukutani, macho wazi.

Kisha mchana mmoja ikanyesha mvua kubwa, ile ya masika inayogeuza uwanja kuwa bwawa, na ilipokatika jua likatoka kali. Hapohapo habari zikaja kwamba sukari imefika duka la ushirika. Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kuelewa maneno hayo. Watu waliacha sufuria motoni. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikapu mkononi, anaangalia uwanja uliolowa, anaangalia pale majivu yalipokuwa.

"Siendi," alisema.

"Nenda, mama," nikamwambia. Uji wa mzazi tulikuwa tunaunywa na pilipili manga peke yake, na ulikuwa unanichoma koo. "Nenda, usije ukakosa. Mimi nipo."

Aliondoka hatua mbili akarudi. Akashika mkono wangu kwa nguvu. "Mtoto akilia, mfungue. Unanisikia? Usiseme kitu kingine. Mfungue."

"Ndiyo, mama," nilijibu, kwa ile sauti tunayotumia kumwondoa mtu.

Nilisinzia. Kilichoniamsha ni mjusi aliyeanguka kutoka darini juu ya chandarua changu, akateleza, akakimbia. Nikaona mende. Walikuwa wakitoka ukutani mchana, mende wakubwa wa rangi ya kahawia, wakipanda juu bila kujificha. Panya akakatiza chumba kizima mbele ya macho yangu. Halafu nikasikia sauti ndogo juu ya makuti, kama manyunyu, na nje jua lilikuwa linawaka. Niliisikiliza sauti ile bila kuielewa. Mpaka leo nikiisikia mvua ya namna hiyo ikianza juu ya bati, nasimama popote nilipo nikatazama nje, kuhakikisha kwamba ni mvua.

Mtoto akaanza kulia. Alilia kilio kikali cha ghafla, akakunja miguu, na mimi nikasema moyoni, chango. Kila mtoto ana chango, kila mama anajua hivyo. Dawa ya chango ilikuwa kwenye kikombe kando ya mto, mizizi iliyochemshwa, aliyotuletea jirani. Nikachovya kidole, nikamtia mdomoni. Alitema akazidi kulia. Nikamtia tena. Nilimtikisa, nikamwimbia, nikamweka begani. Ndipo nikakumbuka maneno ya mama mkwe, na nikamfungua kwa hasira kabisa, ili akirudi nimwambie nimemfungua, umefurahi sasa?

Kwapani kwake alikuwepo siafu mmoja. Mmoja tu, mwenye kichwa kikubwa chekundu, amezama mpaka midomo haionekani. Nilipomvuta alikatika, kiwiliwili kikabaki vidoleni mwangu na kichwa kikabaki kwa mwanangu, bado kinauma. Nikatazama juu. Chandarua changu kilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti ya paa, na juu ya kamba ile walikuwa wakishuka, wamejipanga, hawana haraka. Nikatazama chini. Sakafu ya udongo haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na kitu cheusi chenye wekundu, kinatembea. Walizunguka makopo ya maji, wengine wamezama humo, wengine wanapita juu ya waliozama.

Nilipiga kelele. Yombo nzima ilikuwa kwenye foleni ya sukari.

Hapa watu huniuliza, kwa nini hukukimbia? Wanauliza wakiwa wamekaa kwenye makochi. Nilimwinua mwanangu juu kwa mikono miwili, nikasimama kitandani, siafu wakaanza kupanda miguuni mwangu kutoka kwenye chandarua, na kitu kilichokuwa kinazunguka kichwani mwangu kilikuwa kimoja: mzazi hatoki. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, na bibi yangu, na kila mwanamke niliyewahi kumheshimu. Mzazi akitoka, mtoto anapatwa na mabaya. Sikufikiri. Nilibaki pale nimemwinua mtoto juu naye analia, nikasubiri mtu mkubwa aje aniambie la kufanya.

Akaja. Mama mkwe aliacha foleni. Kikapu chake alikiacha pale kimshikie nafasi, kama watu walivyofanya, lakini hakuna aliyekuwa akiondoka sukari ikiwa imeanza kupimwa, hata kama kikapu kipo. Baadaye waliniambia kwamba alikuwa amebakiza watu wachache tu mbele yake, akainua uso, akanusa upepo, akaondoka mbio, mama mtu mzima, kanga imeshikwa magotini. Watu wakatazamana.

Aliingia chumbani peku. Sikumwona akisita. Alikanyaga sakafu ile kama vile ni sakafu, akaikata kamba ya chandarua kwa kuivuta, akanipokonya mtoto.

"Toka!"

"Mama, arobaini..."

Alinipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga maishani. "Arobaini gani? Toka nje, mwanamke, toka!"

Nikashuka. Maumivu yalinifika mapajani kabla sijafika mlangoni. Tulitoka mpaka katikati ya uwanja, kwenye tope na jua, mimi kichwa wazi, mtoto uchi, na watu wa foleni ndio wanaanza kurudi na vifurushi vyao vya sukari. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa kanga kuona mzazi amesimama nje mchana. Mama mkwe alikuwa amekwishapiga magoti. Alimlaza mwanangu juu ya mapaja yake akaanza: makwapa, shingo, nyuma ya masikio, mgongo, katikati ya vidole. Vidole vyake vilijua njia. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya macho yangu tangu siku aliyozaliwa yule mtoto, na mimi nikamwita mchawi.

Alivitoa vichwa kwa kucha, kimoja kimoja. Mtoto akaendelea kulia, na kila alipolia yeye alisema, "Lia, mume wangu. Lia sana. Lia nikusikie." Alipomaliza kwa mtoto akaja kwangu. Miguu yake mwenyewe hakuigusa. Ilikuwa inavuja damu na bado imeng'ang'aniwa, nikainama nikamtolea siafu mimi.

Balozi alifika na watu wake, makuti mkononi, akasimama mbele yetu. Nilimngojea mama mkwe amseme. Alikuwa na haki ya kumvua nguo mbele ya watu. Yeye akamfunika mtoto kwa ncha ya kanga yake, na balozi akageuka akayatupa makuti yake pembeni akaanza kuwafukuza watoto waliokuja kushangaa.

Tulikaa kwa jirani, kwenye mkeka, tunasubiri siafu wamalize nyumba yetu. Mtoto alilala. Nilimuuliza, "Mama, ulijuaje?"

Alikuwa anaupapasa mguu wake uliovimba.

"Mie nilikaa," alisema.

Nikamtazama.

"Mie waliniambia mzazi hatoki, nikakaa. Nyumba hiyohiyo, kabla baba yake mumeo hajaijenga upya. Siafu walikuwa wamepita koridoni, tukajua wameshapita. Mwanangu wa kwanza, nimemfunga vizuri na kanga kwa sababu ya baridi, nimemlaza upande wa ukuta. Akaanza kulia. Mama mkwe wangu akasema chango. Wakamkoroga dawa, wakampa. Akalia. Wakampa tena. Mie mwenyewe ndiye niliyemshika kichwa anyweshwe. Halafu akanyamaza. Wakasema, haya, dawa imekubali. Wakaniambia na mie nilale."

Nje mtu alikuwa akigawa sukari kwa kikombe, anasimulia jinsi foleni ilivyovurugika.

"Nililala," alisema mama mkwe. "Nilipoamka nikamfungua nimnyonyeshe."

Hakuimaliza. Hajawahi kuimaliza. Aliniambia tu kwamba walipokwenda kumzika yeye hakwenda, maana mzazi hatoki, na akaitimiza arobaini yake ndani ya chumba kile, maziwa yanamtiririka, mikono mitupu. Alipotoka alionyeshwa mahali. Palikuwa pameshaota majani.

Nililia siku ile kuliko nilivyolia nilipomzika mama yangu mzazi. Yeye hakulia. Alinifuta uso na ncha ya kanga yake, akasema nisilie karibu na mtoto, maziwa yatachacha.

Jioni tulirudi. Nyumba ilikuwa safi kabisa. Hapakuwa na mende, hapakuwa na kunguni, hata buibui wa pembeni hawakuwepo. Kifaranga mmoja tuliyemsahau jikoni alikuwa amebaki manyoya. Kikapu cha mama mkwe kililetwa na mtu, kitupu. Aliwasha udi, akajaza makopo maji, akaenda jikoni kuchota majivu. Nami nikatoka nikamfuata, arobaini haijatimia, nikainama upande wa pili wa nyumba na kifuu changu, na hakuna aliyenirudisha ndani.

Ameshatangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa. Yombo imejaa nyumba za matofali na bati, mikorosho imekatwa, na siafu sijui walikwenda wapi. Lakini hawajaniondoka. Naishi nao. Nikinusa udongo uliolowa na jua juu yake, nywele za mikono zinasimama. Kitanda changu nimekitenga na ukuta, na watoto wangu wanadhani ni kwa sababu ya unyevu. Chandarua sikifungi darini, nakitundika kwenye miti minne kama mtu wa kambini. Na sipendi ukimya wa mtoto. Mtoto akilia napata amani, maana najua yupo. Akinyamaza ghafla, naacha nilichoshika naenda kumtazama.

Mwanangu yule, mwenye kovu dogo kwapani ambalo hajui limetoka wapi, sasa ni baba. Amejenga Sinza, sakafu ya marumaru, madirisha yana nyavu, na ukitoka getini unakutana na baa na muziki. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, nami nimekuja kumlea mzazi. Ni binti mzuri, mwalimu, kwao Moshi. Ananiamkia kila asubuhi na kunipakulia kwanza. Arobaini anaishika kwa heshima yangu tu, siku nyingine namkuta barazani anazungumza na simu, na simsemi.

Kuna kitu kimoja tu hatuelewani. Nimeona anavyonitazama ninapomchukua mtoto. Ananitazama mikono. Juzi nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, kwa sauti ya chini, "Sijui anatafutaga nini." Nilijaribu kumwelezea. Nikaanza na siafu, akacheka vizuri tu, bila dharau. "Siafu Sinza, mama?" Nikacheka na mimi. Yale mengine yalinikwama, maana nitamwambiaje mwanamke mwenye kichanga mkononi hadithi ya kichanga kile?

Leo adhuhuri nilikuwa jikoni namkorogea uji. Mtoto akaanza kulia chumbani. Nilizima jiko, nikafuta mikono, nikajizuia. Nikajiambia, mwache mama yake, utamtisha bure, hii ni nyumba ya marumaru. Nikamsikia binti akimbembeleza, nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Mtoto akaendelea kulia. Kisha akanyamaza, mara moja, katikati ya kilio.

"Usihangaike, mama," binti akaniita kwa furaha. "Lilikuwa chango tu. Dawa imekubali."

Sikumbuki kuvuka korido. Nakumbuka nimempokonya mtoto, na binti amerudi nyuma mpaka ukutani, mkono mdomoni. Nilifungua kitambaa, nikafungua nepi, nikavua fulana, ya dukani, ina vifungo vidogo vya chuma vinavyonishinda. Makwapa. Shingo. Nyuma ya masikio. Mgongo. Alikuwa wa moto, anapumua, amelala, tone la dawa bado liko mdomoni. Nikamalizia na vidole vya miguu, kimoja kimoja, huku na huku.

"Mama," binti alisema, "unatafuta nini?"

Hapakuwa na kitu. Nikamrudishia mwanawe, uchi vilevile.

"Haya," nikamwambia, "mnyonyeshe mume wangu."